Ukuta wa Chumba cha Bibi

Jumamosi, 6 Julai

Tumefika. Mgongo umekufa ganzi, miguu imevimba, lakini tumevuka mpaka salama na pasipoti yangu bado iko mfukoni. Nimekuwa nikiigusa njia nzima. Afisa wa mpakani aliitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena picha, kisha akaniuliza kama siku ile nilikuwa mgonjwa. Nikasema ndiyo. Nilikuwa mzima kabisa.

Habari kubwa ilitokea ndani ya basi. Mchungaji alisimama akishikilia viti, akatueleza upya kazi tuliyoitiwa. Sisi vijana wa kanisa tunakwenda kumjengea nyumba mama mmoja mshonaji na mama yake mzee. Msingi upo, vyumba vya mbele vimesimama, kimebaki chumba cha nyuma cha huyo bibi, na paa. Wiki moja tu. Kisha akauliza nani kati yetu amewahi kujenga.

Mbunge akanyoosha mkono. (Si mbunge. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kusema shikamoo bila utangulizi.) Mkono wa Mbunge uko juu, wangu ungebakije chini? Nikasema nimejenga tangu utotoni. Ukweli ni kwamba niliwahi kupaka rangi banda la kuku la mjomba. Upande mmoja. Kuku walihama.

Mchungaji alifurahi mno! Akatuteua sote wawili kuongoza ukuta. Akaongeza kwamba atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakayemkabidhi bibi ufunguo, mbele ya kanisa zima la wenyeji, na kusema maneno machache. Mbunge na maneno machache! Lazima niwe mimi. Kwa usalama wa watu.

Jumapili, 7 Julai

Tumelala kwenye ukumbi wa kanisa la wenyeji. Nililiwahi godoro la dirishani kabla ya Mbunge. Dirisha halifungi. Nimeamka na mafua.

Kwenye ibada Mchungaji alitutambulisha, mimi na Mbunge, kuwa ndio mafundi wa msafara. Makofi! Nikainama kidogo. Mbunge akainama zaidi. Nikainama tena. Mchungaji akatuomba tukae.

Mchana tulipelekwa kuiona familia. Wanaishi chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Cherehani ndiyo meza, ndiyo dawati la watoto, ndiyo kabati la vikombe. Mashine ya kukatia vyuma inalia upande wa pili na ukuta hauzuii chochote. Mwenye chumba ni huyo mchomeleaji mwenyewe. Anakitaka chumba chake Jumamosi, ana mashine mpya ya kuweka humo, na hataki kusikia habari nyingine. Mshonaji alitueleza haya bila kulalamika, akizungumza huku pini ziko mdomoni. Nilipenga kamasi mara mbili. Huenda ni mafua.

Bibi alinishika mikono, akaigeuza huku na huku kama anachagua nyanya. Akauliza mikono hii imejenga nini. Nikamwambia huwa navaa glavu.

"Haya, Mikono Laini," akasema. "Karibu."

Mbunge alicheka mpaka akakohoa. Ya kwake aliificha mfukoni. Niliona.

Jumatatu, 8 Julai

Kazi imeanza. Fundi mkuu, mwenyeji wa hapa, ana jino bovu. Shavu limefura kama amehifadhi limau ndani, na amelifunga kitambaa mpaka utosini. Hawezi kuzungumza. Anaelekeza kwa mikono na kuguna. Nilielewa kila kitu. Mguno mmoja ulimaanisha tuchekeche mchanga. Au tumpishe njiani.

Nimebeba matofali hadi nikaona nyota mchana. Kisha nikagundua mbinu: ukiwa umeshika pima maji, hakuna anayekuomba ubebe kitu kingine. Basi nimeshinda nayo. Naiweka juu ya ukuta, nakitazama kile kipovu ndani ya kioo, natikisa kichwa, naendelea mbele. Baada ya muda Mbunge akaiba mbinu yangu: akachukua timazi, ule uzi wenye chuma mwishoni, akawa anauning'iniza kila mahali na kukunja uso. Tumepishana kutwa nzima kama walinzi wa benki.

Bibi amekuja na kiti chake cha plastiki. Amekaa kivulini. Ana maoni kuhusu kila tofali.

Jioni Fundi alitushika mabega mimi na Mbunge. Akaonyesha shavu. Akaonyesha barabara ya hospitali. Akaonyesha ramani ya nyumba, kisha akatuonyesha sisi. Kesho anakwenda kung'oa. Tunabaki wenyewe! Ramani nimeidaka mimi. Sijawahi kulipenda jino la mtu namna hii.

Jumanne, 9 Julai

Siku mbaya. Hata kuiandika naona aibu, lakini naandika.

Mpango wangu ulikuwa safi. Mchungaji angepita na simu yake kupiga picha za kupeleka nyumbani, na angepigia upande wa nje tu, kwenye mwanga. Kwa hiyo nikamshauri Mbunge, kwa upole, apange matofali akiwa ndani ya chumba, kwenye kivuli, kwa ajili ya afya yake. Mimi nitateseka na jua. Aliguswa na wema wangu. Alimaliza kuchanganya saruji na mchanga (kazi hiyo hakumruhusu mtu mwingine), akaingia.

Tukaanza. Ikawa mashindano. Yeye tofali, mimi tofali. Vijana wengine wanaleta mzigo kwa toroli, sisi tunazunguka kuta zote hatusemi kitu. Mchungaji akapiga picha. Nilitoka vizuri: mwiko juu, kifua mbele. Kuta zikafika kifuani. Watu wakasimama kutazama. Bibi alikuwa akitabasamu muda wote, nikadhani ni furaha.

Mbunge akasikia kiu. Akasema anatoka akanywe maji. Nikaona kichwa chake juu ya ukuta kikigeuka upande huu. Kikageuka upande ule. Kikazunguka pande zote.

"Natokea wapi?" akauliza.

Hakukuwa na mlango.

Ramani ilikuwa kwenye mfuko wangu wa nyuma. Nilikuwa nimeikalia tangu asubuhi.

Mchungaji akauliza kulikoni. Nikamweleza kwamba huu ni ujenzi wa kisasa, kuta zinainuliwa kwanza zikiwa kitu kimoja, mlango unakatwa baadaye. Nikasubiri Mbunge aniumbue. Wapi! Akaunga mkono hoja kutoka humohumo ndani, kwa hotuba ndefu. Yeye alitaka kutoka bila kuonekana mjinga, mimi nilitaka atoke bila hasira. Tulielewana kwa macho.

Saruji ilikuwa bado mbichi, ashukuriwe Mungu. Tukachomoa matofali moja moja, Mbunge akatokeza kichwa kwanza kama ndama anayezaliwa, na mpaka jioni tukapata kitu kinachofanana na mlango. Hakuna tofali lililoharibika. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nimerudi ukumbini nikajilaza chali, nimeshusha pumzi ndefu mpaka jirani yangu akauliza kama nimepata habari kutoka nyumbani.

Jumatano, 10 Julai

Nilifika kazini kabla ya wote. Ukuta umeinama! Si sana. Kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwenzake. Nadhani jana tulipochomoa matofali ya mlango, mengine nayo yalisogea. Nikaweka pima maji. Kipovu kilikimbilia pembeni kikakataa kurudi.

Fundi bado yuko hospitali. Mchungaji atakuja saa ya chai. Nikafikiri haraka. Nikatafuta mpini wa ufagio, nikauegemeza ukutani kwa nje, pale palipoinama. Kisha nikachukua lile bango letu la kitambaa, TUNAJENGA KWA UPENDO, nikalifunga juu kabisa, kona hadi kona, kamba zake kwenye matofali ya mwisho. Likafunika mpini, likafunika na kuinama kwenyewe. Likapendeza!

Bibi alikuwa ameshafika na kiti chake. Alinitazama mpaka nikamaliza. Akauliza bango ni la nini. Nikasema la baraka. Akaguna kama Fundi.

Saa ya chai tulikuwa wote upande wa mbele. Upepo ukaja. Wala haukuwa wa kutisha, ni ule wa kukausha nguo. Nikasikia bango likipiga kofi moja, halafu likavimba. Halafu mlio. Halafu vumbi.

Nikacheka kidogo, kwa woga. Mshonaji akaweka kikombe chini.

"Mama yuko wapi?"

Sijui nilifikaje kule nyuma. Ukuta wote uko chini, palepale penye kivuli cha Bibi. Mguu mmoja wa kiti umechomoza kati ya matofali. Na pindo la mtandio wake wa kijani. Mshonaji alipiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena maishani. Tukaanza kuyatupa matofali kwa mikono, mimi na Mbunge bega kwa bega, na Mbunge hasemi neno. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilimwambia Mungu nitamwachia Mbunge ufunguo. Nitamwachia godoro. Nitasema kila kitu mbele ya kanisa zima, bila utangulizi, ilimradi atoke mzima.

Tukafika chini. Kiti, vipande vipande. Mtandio. Hakuna mtu.

"Nani amebomoa chumba changu?"

Sauti ilitoka nyuma yetu. Bibi! Kichwa wazi, kikombe mkononi, anakuja taratibu kutoka kwa jirani. Alikwenda kunywa chai huko, akasema, kwa sababu hii yetu ni maji ya kuoshea sufuria. Mtandio aliuacha kitini ili mtu asichukue nafasi yake.

Mshonaji alimkumbatia mpaka chai ikamwagikia wote wawili. Akawa anarudia neno moja: "Matofali tutapata, Mama. Matofali tutapata." Mimi nilikaa kwenye vumbi nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni kisha akaonekana. Mbunge naye akalia, kwa sauti kubwa kuliko yangu. Kwa mara ya kwanza sikushindana naye.

Jioni nilijikaza, nikaondoka kwenda kuungama kwa Mchungaji. Njiani, karibu na tangi la maji, Mbunge akanizuia. Macho mekundu. Akasema ana jambo zito. Ule mchanganyiko wa jana aliukoroga yeye, na alibana saruji akajaza mchanga, ili Mchungaji amsifu kwamba hafuji mali. Tena hajawahi kujenga hata kibanda. Kwa hiyo ukuta ameuangusha yeye, na nusura aue mtu.

Nilifungua mdomo kumweleza habari za mpini na bango. Nikaufunga. Alikuwa na majuto mazuri sana, kwa nini niyaharibu? Nikamwekea mkono begani. Nikamsamehe. Akanishukuru kwa machozi. Kwa Mchungaji sikufika. Niliona siku moja kuungama mtu mmoja kunatosha.

Alhamisi, 11 Julai

Fundi amerudi bila jino, na sauti anayo. Laiti jino lingebaki! Alipanda juu ya kifusi akaanza kusema, na alikuwa na maneno ya siku nyingi. Akauliza nani alijenga. Tukajitaja. Akauliza nani alichanganya saruji. Mbunge akajitaja peke yake. Kisha akainama, akaokota mpini wa ufagio, kamba ya bango bado imejiviringisha juu yake. Akauinua watu wote wauone. Akauliza, na huu?

Nikasema upepo unaokota vitu vya ajabu.

"Upepo gani?" Bibi akadakia. "Mikono Laini aliuweka asubuhi, nikimwona kwa macho yangu. Nikasema moyoni, ukuta unaoshikiliwa na ufagio mimi siukalii karibu. Chai ilikuwa kisingizio, mwanangu. Sikutaka kukuaibisha."

Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama, akaivua tena. Mbunge alinigeukia polepole sana. Niliona usoni mwake anakumbuka jinsi nilivyomsamehe.

Nikasema yote. Hata banda la kuku. Mchungaji hakunigombeza, na hilo ndilo lililouma. Alisema tu kwamba mimi na Mbunge tutakoroga saruji, tutabeba matofali, na mwiko hatutagusa tena. Ajabu ni kwamba nilijisikia mwepesi, kama nimetuliwa gunia. Hakuna tena kutembea na pima maji nikikunja uso! Uso wenyewe ulikuwa umechoka.

Lakini matofali mengi yamepasuka, na chumba cha kupanga kinatakiwa keshokutwa. Mshonaji alikaa juu ya toroli akainamisha kichwa. Hapo akatokea mchomeleaji. Nikajua amekuja kukumbusha. Alikitazama kifusi, akatutazama sisi, akaondoka bila salamu. Akarudi na mkokoteni umejaa matofali aliyoyaweka kwa ajili ya kuongeza karakana yake. Mshonaji akaanza kumshukuru, akamkatiza. Si wema, akasema, ni haraka. Mashine inafika Jumamosi na hailali nje. Halafu akavua shati akapakua nasi mzigo wote, akaenda akaleta mwingine, na mpaka jua linazama alikuwa bado yupo, anabishana na Fundi kuhusu dirisha.

Nimefikiri sana wakati naosha makoleo. Bibi aliondoka pale kwa sababu aliona ufagio wangu. Bila ufagio angekaa. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, mimi ndiye niliyemwokoa Bibi. Nikamweleza Mbunge. Akanimwagia ndoo ya maji. Kisha akaanza kucheka, nikacheka na mimi, tukashindwa kuacha. Tumepatana.

Ijumaa, 12 Julai

Ukuta umesimama. Umenyooka! Mlango upo. Nimepita mlangoni mara nyingi bila sababu, kwa raha tu. Mchana mbao za paa zimepanda, jioni mabati yamegongwa hadi masikio yamezibika. Mimi na Mbunge tumepewa kazi ya kushika ngazi. Tumeishika vizuri.

Kumbe habari ya ufunguo haijafa. Mchungaji ametangaza kwamba Bibi atachagua mwenyewe nani amkabidhi. Mara Mbunge akatoweka, akarudi na kiti cha kuegemea alichoazima ofisi ya kanisa, akamwekea Bibi kivulini na hotuba juu. Mimi nikakimbia kwa jirani nikamletea chai, ile anayoipenda. Mbunge akaleta mto wa mgongoni. Nikaleta kigoda cha miguu. Bibi akakaa kitini, akaegemea mto, akapandisha miguu, akanywa chai yote. Kisha akatuuliza kama kwetu hatuna mama wa kuwasumbua.

Jumamosi, 13 Julai

Siku ya kukabidhi. Kanisa zima la wenyeji lilikuja. Shati langu nilikuwa nimelifua mara mbili, maneno machache nimeyakariri. Mbunge alikuwa akitikisa midomo peke yake, kwa hiyo naye.

Mchungaji akaushika ufunguo juu, akamwomba Bibi achague. Bibi akasogea, akautoa mkononi mwa Mchungaji yeye mwenyewe. Akasema ana mikono yake, tena inafanya kazi. Watu wakacheka. Maneno yangu yakafia kifuani. Ya Mbunge pia, na hiyo ilinipoza kiasi.

Akafungua mlango wa mbele, akatuongoza sote hadi chumba chake cha nyuma. Hapo akasimama kizingitini. Akasema yeye hatangulii.

"Atangulie Mikono Laini. Asimame katikati. Akohoe."

Nikaingia. Chumba kinanukia mbao mpya na saruji. Nikasimama katikati. Nikakohoa. Hakuna kilichoanguka. Hata vumbi. Bibi akaniambia niruke. Nikaruka. Akaniambia niegemee ule ukuta, kwa nguvu. Nikaegemea, nimefumba macho. Ukuta haukujali kabisa kama nipo. Ndipo Bibi akaingia, akaomba kiti, akakiweka palepale, akaegemeza mgongo wake ukutani na kuvuta pumzi ndefu. Na sisi sote tukavuta.

Mimi na Mbunge tulipewa heshima ya kuhamisha cherehani. Nzito kuliko dhambi! Tulipoiweka dirishani Mshonaji aliijaribu, ikalia tu yenyewe, hakuna chuma kinachopiga kelele upande wa pili. Akaacha kushona, akasikiliza kimya hicho. Watoto walikuwa wakifungua na kufunga milango, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewakataza, kwa kuwa ni milango ya kwao.

Wakati wa kuagana Bibi aliigeuza tena mikono yangu. Imejaa malengelenge. Akasema sasa inaanza kufanana na mikono. Nililia kidogo ndani ya basi. Mbunge hakuona. Alikuwa amegeukia dirisha lake, akipenga kamasi.

Jumatatu, 15 Julai

Nyumbani. Kitanda changu, dirisha linafunga, hakuna mtu aliyekufa. Nilikuwa nimeamua kuanza maisha mapya, maisha ya mtu anayesema jambo lilivyo.

Mama ametangaza mtaa mzima kwamba mwanawe amekwenda nchi za watu kujenga nyumba. Muuza duka kanisalimia "Fundi". Kabla sijamaliza kunawa uso, shangazi akabisha hodi. Anataka jiko dogo nyuma ya nyumba, la kujisitiri na moshi tu, na hana haja ya kuwatafuta watu wa nje wakati damu yake mwenyewe ipo. Akauliza kama nitaliweza.

Namshuhudia Mungu, mdomo niliufungua ili kusema kweli. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni, amevaa gauni lake la Jumapili siku ya Jumatatu, ananitazama kwa fahari.

Nikamuuliza shangazi anataka ghorofa ngapi.